Nyama Mbichi ya Mbwa na Afya ya Nyumba Nzima

Mbwa mdogo wa jamii ya teria hana subira. Jack Russell, ambaye uzito wake huwa kilo sita hadi nane hivi, huamka kabla ya wenye nyumba, huchimba bustani, hufukuza panya na paka, na jioni bado anadai kutembezwa. Aina hiyo ilikuzwa Uingereza katika karne ya 19, na jina lake linatokana na kasisi John Russell (1795–1883) wa Devon, aliyetaka mbwa mwepesi awezaye kuingia katika shimo la mbweha na kumfurusha nje. Uwindaji huo wa mbweha ulibaki huko huko. Mbwa mwenyewe amesafiri mbali, hata akafika katika nyua na nyumba za ghorofa za Nairobi na Dar es Salaam.

Mwenye mbwa wa namna hiyo huifikia kwa urahisi hoja moja inayovutia. Mbwa huyu ni mwindaji. Mwindaji hula nyama. Na porini hakuna jiko. Basi nguvu zote hizi zitajengwa na nini kama si nyama mbichi? Kesho yake anapita buchani, ananunua shingo za kuku, bandama, utumbo, mapafu na mifupa yenye nyama. Anavikatakata vyote kwenye ubao uleule wa jikoni, sehemu anaiweka kwenye friza, sehemu anaitia katika bakuli lililo sakafuni karibu na jiko. Baada ya wiki chache anasema kwamba manyoya ya mbwa yanang'aa, kinyesi kimepungua, na mnyama amechangamka kuliko zamani. Hasemi uongo, na upendo unaomfanya ajisumbue hivyo haustahili kubezwa.

Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba inazungumzia tumbo la mbwa peke yake. Haisemi lolote juu ya ubao wa kukatia, bomba la sinki, mikono ya aliyekata, sakafu anayotambaa mtoto, wala ulimi wa mbwa unaomlamba mtoto huyo usoni dakika tano baada ya mlo. Kumlisha nyama mbichi mbwa anayeishi pamoja na watu ni uamuzi wa kiafya unaofanywa kwa niaba ya kila aliye chini ya paa hilo. Kwa hiyo unapaswa kupimwa kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote katika nyumba, hata kama mbwa mwenyewe ni mzima wa afya. Na kwa kuwa nyama ileile inaweza kupikwa, ni vigumu kuona sababu ya kutosha ya kuitoa ikiwa mbichi.

Hoja za wanaotetea nyama mbichi

Haki inataka hoja za upande wa pili zisikilizwe kwanza. Ulishaji wa nyama mbichi na mifupa ulipata umaarufu mkubwa baada ya daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, kuchapisha mwaka 1993 kitabu chake Give Your Dog a Bone. Wafuasi wa mtindo huo wanasema kwamba mbwa ni ndugu wa mbwamwitu, kwamba chakula cha pakiti kimejaa nafaka, na kwamba joto la kiwandani huondoa uzuri wa asili wa chakula.

Shaka yao juu ya chakula cha pakiti haikuzuka hewani. Mwaka 2012, watu 49 nchini Marekani na Kanada waliugua kwa bakteria wa Salmonela ambao chanzo chao kilifuatiliwa hadi kwenye chakula kikavu cha mbwa kutoka kiwandani. Pakiti nzuri si hati ya usalama. Kwa upande wa Afrika Mashariki, mwenye mbwa ana sababu nyingine ya kuogopa nafaka: unga ulioharibika. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu wa mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Sumu hiyohiyo huharibu ini la mbwa, na ni jambo la kawaida unga uliokwisha kuota ukungu, ambao watu wameukataa, kusongwa ugali wa mbwa. Anayekataa kumpa mbwa wake ugali huo yuko sahihi kabisa. Ila dawa ya unga mbovu ni unga mzuri, wala tiba yake haipatikani katika nyama mbichi.

Hoja ya undugu na mbwamwitu nayo ina ukweli nusu. Mbwa na mbwamwitu wana asili moja, lakini maelfu ya miaka ya kula makombo ya binadamu yameacha alama ndani ya mwili wa mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi kuliko mbwamwitu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya wanga. Kwa lugha nyepesi, mbwa amejifunza kula wali na ugali ndani ya damu yake. Wanga si sumu kwake.

Yabaki yale ambayo mwenye mbwa ameyaona kwa macho yake: manyoya yanayong'aa na kinyesi kidogo. Nyama humeng'enywa vizuri, hivyo mabaki huwa machache. Na mafuta yaliyomo husaidia ngozi na manyoya. Sifa hizo ni za nyama. Ikichemshwa, na mchuzi wake ukaachwa ndani ya chakula, mafuta hayo bado yamo. Mwenye mbwa aliyetoka kwenye ugali mkavu wa kila siku na kuingia kwenye nyama ameona faida ya lishe bora, akaihesabu kuwa faida ya ubichi.

Kinachosafiri pamoja na nyama

Nyama mbichi, hata ile yenye mhuri wa mkaguzi, haitarajiwi kuwa safi kabisa bila bakteria. Inauzwa kwa makubaliano yasiyoandikwa kwamba itapikwa. Anayeitoa bila kuipika amelivunja sharti hilo.

Ushahidi uko wazi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipopima sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama kati ya mwaka 2010 na 2012, ilikuta Salmonela katika sampuli 15 na Listeria monositojenesi katika 32. Nchini Uholanzi, watafiti walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kupima bidhaa 35 za nyama mbichi ya mbwa na paka iliyogandishwa: Listeria huyo alikuwamo katika bidhaa 19, Salmonela katika 7, na E. koli wa aina ya O157 katika 8. Bidhaa hizo zote zilitoka kwenye friza, jambo linalopaswa kumfikirisha yeyote anayeamini kwamba baridi husafisha. Baridi huwalaza bakteria, haiwaui wote. Nyama ikiyeyuka nao huamka. Listeria hata hahitaji kusubiri, kwani huweza kuongezeka taratibu ndani ya jokofu la kawaida.

Katika bidhaa 28 kati ya zile 35 za Uholanzi walikutwa pia E. koli wenye uwezo wa kuvunja dawa za jamii ya sefalosporini. Muuguzi yeyote wa wodi anaijua mojawapo ya dawa hizo, yaani seftriaksoni, kwa kuwa huichoma kila siku. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa mara nyingi huzungumzwa kana kwamba huzaliwa hospitalini na katika maduka ya dawa tu. Huzaliwa pia katika ufugaji unaotumia antibiotiki ovyo, na hupanda hadi jikoni pamoja na nyama. Moto wa kawaida wa kupikia huwaua bakteria sugu sawa na wasio sugu. Sufuria haiulizi aina. Palipo na nyama mbichi sakafuni, kinga hiyo rahisi imeondolewa kwa hiari.

Madhara kwa binadamu nayo yamekwisha kuonekana. Mwaka 2017 nchini Uingereza watu wanne waliugua kwa E. koli O157, mmoja wao akafariki, na uchunguzi wa mamlaka ya afya ukaelekeza kwenye nyama mbichi ya kulishia mbwa. Bakteria huyo anatoa sumu inayoweza kuharibu chembe nyekundu za damu na kuziba mishipa midogo ya figo, hasa kwa watoto wadogo. Ni kweli kwamba matukio yaliyothibitishwa namna hiyo bado ni machache. Lakini ni vigumu kuthibitisha jambo lisiloulizwa. Mtoto anapoletwa kliniki akiendesha damu, mama huulizwa juu ya maji, maziwa, choo na chakula cha jana. Ni nadra kuulizwa kama nyumbani kuna mbwa, na ni nadra zaidi kuulizwa mbwa huyo anakula nini.

Mwenye mbwa hujitetea kwa kusema, "Lakini mbwa mwenyewe haumwi." Hapo ndipo penye hatari. Katika utafiti mmoja wa Kanada uliochapishwa mwaka 2007, mbwa 16 walilishwa chakula kibichi chenye Salmonela. Saba kati yao walitoa bakteria hao katika kinyesi kwa siku moja hadi saba, na hawakuonyesha ugonjwa wowote. Mbwa mzima wa afya anaweza kuwa mchukuzi tu: anapokea mzigo kwenye bakuli na kuushusha kwenye zulia, bustanini, na katika mkono wa mtoto anayemshika mkia. Teria mchangamfu, asiyetulia mahali pamoja na apendaye kupanda kwenye makochi na vitanda, ni mchukuzi mwenye bidii kuliko wengine.

Mwaka 2012 chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kilipitisha msimamo wa kutounga mkono ulishaji wa protini mbichi ya wanyama kwa mbwa na paka. Hakikufanya hivyo kwa kuchukia mbwa. Kilizingatia kwamba mbwa ana wenzake ndani ya nyumba.

Somo la Turkana

Inaweza kusemwa kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Amerika, ya watu wanaonunua nyama ya mbwa katika maboksi ya rangi. Ukweli ni kwamba kinachoitwa mtindo mpya huko ni jambo la zamani Afrika Mashariki. Mbwa wa machinjioni, mbwa wa wachungaji na mbwa wa ulinzi wamekuwa wakitupiwa viungo vibichi tangu zamani, bila kitabu wala jina maalumu. Na matokeo yake yanajulikana katika vitabu vya tiba.

Kuna tegu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita chache, anayeishi katika utumbo wa mbwa. Jina lake ni ekinokokasi. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kushika kwenye nyasi, udongo, maji na hata manyoya ya mbwa mwenyewe. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyameza, hujenga ndani ya ini na mapafu vifuko vilivyojaa maji. Siku mnyama huyo anapochinjwa, ini au pafu lenye vifuko linaonekana baya, mchinjaji anakata kipande hicho na kumtupia mbwa. Mzunguko umekamilika: ndani ya mbwa, kila kifuko kinaweza kuzaa tegu wengi wapya.

Binadamu huingia katika mzunguko huo kwa bahati mbaya, anapomeza mayai kupitia mikono, maji au mboga. Kifuko hukua polepole, pengine kwa miaka mingi bila maumivu, hadi tumbo linapovimba au pumzi inapobana. Kikipasuka kinaweza kusababisha mzio mkali unaoua. Tiba yake ni upasuaji, au kukinyonya kifuko kwa sindano chini ya uangalizi wa ultrasaundi, au albendazoli kwa miezi kadhaa. Zote ni ghali kuliko kuchemsha pafu.

Kaskazini-magharibi mwa Kenya, katika nchi ya Waturkana, ugonjwa huu uliwahi kurekodiwa katika viwango vya juu miongoni mwa vilivyojulikana duniani. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuudhibiti. Wagonjwa walipasuliwa, watu walipimwa kwa ultrasaundi ya kubebeka hata mbali na hospitali, mbwa wakapewa dawa ya minyoo, wafugaji wakaelimishwa wasiwape mbwa viungo vibichi. Fundisho la Turkana halihusu maskini peke yao. Tegu haangalii kama mbwa amelala chini ya mti au juu ya kochi. Teria wa mjini anayenunuliwa mapafu na ini bila kupikwa, hasa yale ya bei nafuu yaliyopita mlango wa nyuma wa machinjio bila kukaguliwa, anawekwa katika mzunguko uleule. Tofauti ni kwamba mbwa wa mjini hulala karibu zaidi na watoto.

Hata mbwa mwenyewe hapati alichoahidiwa

Yupo atakayesema kwamba yuko tayari kubeba hatari hiyo kwa ajili ya mbwa wake. Basi na mbwa atazamwe. Nyama tupu isiyo na mifupa ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno. Mtoto wa mbwa anayekua kwa nyama hiyo peke yake, mwili wake huanza kuchota kalisi kutoka katika mifupa yake, nayo hulainika, hupinda na kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Kwa teria, ambaye maisha yake ni kuruka, hayo ni mateso.

Mwenye mbwa huongeza mifupa ili kuziba pengo hilo, na mifupa huleta mambo yake: meno yaliyopasuka, mfupa uliokwama kooni, au utumbo uliozibwa. Mifupa iliyopikwa nayo si salama, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha kali. Ini likizidi huleta vitamini A kupita kiasi. Vipande vya koo la ng'ombe vilivyobaki na tezi ya shingoni vimewahi kuwapandishia mbwa homoni za tezi hiyo, wakakonda, wakahema na kukosa utulivu. Mwenye teria anaweza kuitazama hali hiyo ya kukosa utulivu na kuiita nguvu.

Na nguvu zenyewe hazihitaji miujiza. Kwa hesabu wanayoitumia madaktari wa mifugo, mbwa mchangamfu wa kilo sita huhitaji takribani kilokalori 430 hadi 540 kwa siku. Hicho ni chakula kidogo. Sufuria moja ndogo ya nyama, wali na mboga inaweza kumtosha kwa siku mbili au tatu.

Kinachopaswa kufanywa

Kwa wenye mbwa, ushauri ni mfupi: nyama ipikwe. Ipikwe mpaka katikati pasibaki wekundu. Ini na mapafu yachemshwe kwa nusu saa nzima, na kiungo chenye vifuko vya maji kisilishwe kamwe bali kizikwe kwa kina au kichomwe. Mifupa iondolewe. Chakula cha mbwa kipikwe bila vitunguu, kwa kuwa vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na bila chumvi nyingi. Wali, viazi au ugali wa unga safi usio na ukungu ni wanga mzuri. Dagaa waliochemshwa, ambao huliwa na mifupa yao laini, huongeza kalisi. Unga wa maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa laini husaidia pia, kwa kipimo atakachoelekeza daktari wa mifugo. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari huyo, na iwe dawa inayoua tegu, yaani prazikwanteli, kwani si kila dawa ya minyoo hufanya hivyo.

Watasema wengine kwamba mkaa na gesi ni ghali. Ni kweli, na nyumba nyingi huhesabu kila kibiriti. Lakini chakula cha mbwa mdogo huchemka kwenye moto uliobaki baada ya chakula cha watu, na kikishapoa hugawanywa katika mafungu ya siku mbili tatu. Nyumba inayomudu kumnunulia mbwa nyama kila wiki haishindwi na moto wa kuipika.

Bakuli la mbwa lioshwe peke yake, kwa sabuni na maji ya moto, mbali na vyombo vya watu. Katika miji ya pwani, nyumba nyingi za Waislamu kwa muda mrefu zimekitenga chombo cha mbwa na kumweka mbwa nje kwa kufuata mafundisho ya dini. Hata asiyefuata mafundisho hayo anaweza kuona faida ya utaratibu huo jikoni kwake. Mikono inaoshwa baada ya kutoka chooni. Haina sababu ya kutooshwa baada ya kulisha mbwa.

Zipo nyumba ambamo nyama mbichi ya mbwa haifai kuingia hata kwa mjadala: yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee, mtu anayeishi na VVU, mgonjwa anayetumia dawa za saratani, au aliyepandikizwa kiungo. Kwa mjamzito, Listeria anaweza kuwa ugonjwa mwepesi mwilini mwake na msiba kwa aliye tumboni. Kwa mwenye kinga dhaifu, Salmonela inayomwendesha mtu mwingine siku tatu inaweza kuingia katika damu. Watu hawa hawakushirikishwa katika uamuzi wa bakuli, na mara nyingi hawajui kwamba uamuzi umefanywa.

Hapo ndipo wajibu wa mhudumu wa afya unapoanza. Maswali matatu yanatosha, na hayachukui hata dakika moja: Je, nyumbani kuna mbwa au paka? Anakula nini, na chakula chake kimepikwa? Nani humlisha na kuosha bakuli lake? Maswali hayo yaulizwe kwa mtoto mwenye kuendesha damu, kwa mgonjwa mwenye homa isiyoeleweka na kinga dhaifu, kwa mwenye uvimbe wa ini, na katika kliniki ya wajawazito kama sehemu ya mazungumzo ya kawaida. Jibu liandikwe katika kadi. Maabara inayojua kwamba mgonjwa anaishi na mbwa anayelishwa nyama mbichi itajua pia cha kutafuta.

Namna ya kuuliza ina uzito sawa na swali lenyewe. Mgonjwa akihisi kwamba atakemewa au ataambiwa amfukuze mbwa wake, atanyamaza, na wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa mzee anayeishi peke yake, mbwa huyo mdogo ndiye anayemwamsha asubuhi na kumlazimisha kutembea. Kwa mtoto, ni rafiki. Hakuna haja ya kuchagua kati ya afya na mbwa; chaguo liko kati ya nyama iliyopikwa na isiyopikwa. Mhudumu anayeanza kwa kuuliza jina la mbwa atapata ukweli haraka kuliko anayeanza kwa lawama.

Mamlaka za miji na wilaya nazo zina sehemu yao. Machinjio yasiyo na uzio wala shimo lenye mfuniko huwalisha mbwa nyama mbichi kila siku bila mtu yeyote kuamua. Mkaguzi wa nyama anayekataa ini bovu, kisha ini hilo likaonekana mdomoni mwa mbwa nje ya geti, amefanya nusu ya kazi. Dhana ya Afya Moja, inayounganisha afya ya watu, wanyama na mazingira, hutajwa sana katika warsha. Mahali pake halisi pa kuanzia ni daktari wa binadamu na daktari wa mifugo wa wilaya moja kubadilishana namba za simu.

Teria wa Devon alifundishwa kumfuata mbweha shimoni bila kuogopa giza, na ujasiri huo ndio unaowafanya watu wampende. Lakini hawezi kujua kilichomo katika bakuli analopewa, na mtoto anayetambaa karibu na bakuli hilo hawezi kujua pia. Anayejua ni mtu mzima aliyesimama mbele ya jiko, akiwa na nyama mkononi. Sufuria iko hapo hapo.